Usikubali Iguse Ukuta

Yiamat aliiona bahari kwa mara ya kwanza akiwa tayari ana mvi kidevuni, na mkewe Resiato hajaiona mpaka leo. Kwao ni Olmotonyi, juu kidogo ya chuo cha misitu, mahali ambapo maji ya kutisha ni yale yanayoteremka korongoni masika yakichachamaa. Kazi yake ilikuwa kupandisha wageni Mlima Meru. Aliifanya tangu ujana, akaijua ile njia ya juu kwenye ukingo wa kreta hata ukungu ukiwa mzito kiasi cha kutoona kidole. Wageni walimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi. Upepo ukizidi kule juu, aliwakalisha chini wote, migongo kwenye mwamba, akawafunga kamba moja, wakangoja mpaka upite. Hakuna aliyemfia mlimani.

Aliyemwajiri alikuwa Philemoni, Mchaga wa Machame anayeishi Lemara, ambaye watu wengi walimwita Baba Anande kwa jina la bintiye mkubwa. Walianza pamoja wakati Philemoni ana Land Rover moja mbovu na hana hata ofisi. Kampuni ilipokua, Yiamat alibaki kiongozi wake mkuu, na urafiki wao ukavuka mipaka ya kazi. Krismasi familia ya Lemara ilipanda Olmotonyi kula mbuzi. Mtoto wa Yiamat, Lesian, alipopata kipaimara, Philemoni ndiye aliyesimama naye kanisani.

Kisha goti la Yiamat likaanza kuvimba. Alipanda Meru mara kadhaa kwa ubishi, akawa anashuka amekunja uso, na Resiato akawa anamkanda kwa maji ya moto kila aliporudi. Philemoni aliliona hilo. Wakati huohuo alikuwa amenunua boti ya matanga, ile wazungu wanayoiita yoti, kwa ajili ya wageni wanaotaka kupumzika baharini baada ya mlima na mbuga. Boti ilikaa pwani, mwendo fulani kusini mwa Tanga, kwenye gati la zamani la mawe lililojengwa enzi za mashamba ya katani. Akamwambia Yiamat aende akawe mwenyeji wa wageni huko. Kuna nahodha wa kuendesha, alisema, kuna mpishi, yeye kazi yake itakuwa kupokea watu, kutunza chombo na kufunga kamba. Na nani anajua kamba kumshinda Yiamat?

Ilikuwa ni hisani, na Resiato aliipokea kama hisani. Alimfungashia mumewe blanketi na soksi nzito, kwa kuwa hakujua kwamba kule kuna joto.

Yiamat alikaa pwani karibu mwaka mzima, akirudi nyumbani kila wageni walipopungua. Alirudi mweusi zaidi, goti limepona nusu, na hadithi zake zilimchekesha mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Koko. Halafu mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, Philemoni alipanda Olmotonyi asubuhi akiwa na mchungaji wa usharika. Resiato alikuwa anapalilia karoti. Alipowaona wawili hao wanashuka kwenye gari moja, aliliweka jembe chini, akakaa juu ya tuta.

Alichoambiwa ni kwamba kulikuwa na dhoruba. Boti ilipigwa na mawimbi ikiwa imefungwa gatini, Yiamat akaumia, akafariki njiani kupelekwa hospitali. Ajali ya Mungu, alisema Philemoni, na machozi yalimtoka kweli. Alisimamia kila kitu: gari la kuleta mwili, turubai, jeneza, chakula cha waombolezaji. Siku ya maziko ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba. Kwaya iliimba, mchungaji akasoma, na Yiamat akalazwa upande wa juu wa boma, karibu na baba yake.

Resiato alimwona mpishi wa boti, Agnela, amesimama nyuma kabisa karibu na uzio wa ng'ombe. Alikuwa amejitanda khanga usoni. Chakula kilipoanza kugawiwa, hakuwepo tena.

Msiba ukaisha, watu wakatawanyika, na Koko akaanza kuuliza. Alikuwa mwanamke mzee sana aliyejua Kiswahili cha sokoni tu, na swali lake lilikuwa moja, kwa Kimaasai, asubuhi na jioni. Wanasema boti ilikuwa imefungwa. Kitu kilichofungwa kinamuuaje mtu? Ng'ombe akifungwa hapigi mtu mateke akiwa mbali, na gari likizimwa halimkanyagi mtu. Resiato alimpigia simu Philemoni, naye akarudia yaleyale: dhoruba, mawimbi, ajali. Alipoulizwa zaidi, alisema mtandao unasumbua.

Ndipo Resiato akaamua kumtafuta Agnela.

Alimpata Kaloleni, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka la cherehani. Agnela alikuwa mama wa makamo kutoka Rombo, aliyepika kambi za safari miaka mingi kabla ya kupelekwa kwenye boti. Tangu maziko alikuwa hajafanya kazi. Alipofungua mlango na kumwona Resiato, alirudi nyuma kama mtu aliyesukumwa, kisha akamkaribisha, akamfutia kiti ambacho hakikuwa na vumbi.

Resiato alimwambia hakuja kumlaumu, amekuja kuambiwa. Agnela alilia kwanza. Alipomaliza, alieleza yote bila kuruka.

Boti ile, alisema, ilikuwa inafungwa ubavuni mwa gati, ikitazamana na bahari ya wazi. Siku za shwari hapakuwa na shida. Wageni walipenda kushuka moja kwa moja kwenye mawe bila kulowa miguu. Lakini nahodha wao, Aristides, mtu wa Bukoba, hakupenda kuilaza pale, na mawingu yakianza kujikusanya aliitoa. Wiki ile Aristides hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwao kumzika mama yake. Redio ikatangaza upepo mkali na mawimbi makubwa pwani yote ya kaskazini. Aristides akapiga simu kutoka msibani. Alimwambia Yiamat awashe injini mapema, kabla upepo haujaanza, aiingize boti kwenye mkono wa bahari kule kwenye mikoko, aangushe nanga zote mbili, kisha arudi nchi kavu kwa kimtumbwi na asikae ndani ya boti. Ikipotea, ipotee. Ukutani asiiache kabisa, maana upepo utatoka baharini na kuipigilia boti kwenye mawe kama msumari.

Yiamat alikuwa tayari kufanya hivyo. Alishawahi kuishika ile boti kwenye maji tulivu na injini alizijua. Lakini haikuwa mali yake, kwa hiyo alimpigia mwenyewe, Philemoni, kumwarifu. Mikono yake ilikuwa imeshika kamba, akaiweka simu kwenye spika, juu ya paa la jikoni. Agnela alikuwa hapohapo anapanga vyombo.

"Baba Anande alisemaje?" aliuliza Resiato.

Agnela alitazama chini. "Alisema, ukiitoa hapo bila nahodha utaipandisha kwenye mwamba. Iache hapohapo. Gari mvua ikija unaliegesha wapi, si ukutani? Kaza kamba, ongeza mipira ya ubavuni. Ila Yiamat, usikubali iguse ukuta, rangi yake ni mpya."

Na Yiamat hakubisha. Agnela alisema hilo ndilo analolifikiria zaidi. Kama angebisha, labda. Lakini aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jambo analolijua. Kwake yeye pia ukuta ulikuwa kimbilio. Mlimani maisha yake yote alijibanza kwenye mwamba, na mwamba haukuwahi kumsaliti. Akafunga kamba zote upya, fupi, ngumu, hazina hata kiganja cha kulegea. Zilipendeza kutazama, alisema Agnela.

Upepo ulifika mchana. Kwanza maji yalipanda, kwa sababu bahari ilikuwa inajaa na upepo unaisukuma. Boti ilitaka kupanda nayo, lakini kamba zilikuwa zimeibana upande mmoja, ikawa inalala ubavu na vyuma vyake vinalia. Halafu yakaja mawimbi. Wimbi lilipiga ukuta, likarudi, likakutana na lingine, na boti ikawa katikati, inatolewa na kutupwa, inatolewa na kutupwa. Ile mipira mikubwa ya kukinga ubavu ilipasuka mmoja baada ya mwingine. Yiamat akakimbilia ghala la jirani, akaja na matairi ya lori, akayaning'iniza. Yalikatika. Kamba ya mbele nayo ikakatika kwa mlio kama wa bunduki. Kuanzia hapo kichwa cha boti kikawa huru, kinakwenda mbali na kurudi kwa kishindo.

Agnela alikuwa ameshatoka, amesimama juu ya gati na vibarua wa ghala. Walimpigia kelele aruke. Yiamat alikuwa bado juu ya boti. Alikaa chini, mgongo kwenye kibanda, akanyoosha miguu mpaka kwenye mawe ya gati, akaanza kuisukuma boti kwa miguu. Alifanya vile watu wa mlimani wanavyojikaza kwenye ufa wa mwamba. Na mara ya kwanza alifaulu. Boti ilisogea, yeye akamgeukia Agnela nusu, kama kumwonyesha kwamba inawezekana. Lakini alikuwa ameisukuma wakati wimbi lenyewe linaivuta kutoka ukutani. Lililofuata liliileta boti yote, uzito wa malori mawili, na miguu yake ilikuwa bado imenyooka.

Nje cherehani zilikuwa zinaendelea.

Walimtoa, alisema Agnela. Vibarua walimvuta wakati boti imekwenda mbali kidogo. Miguu na nyonga havikuwa na umbo. Wakampakia kwenye gari la ghala, kichwa chake kwenye mapaja ya Agnela, wakaondoka. Njiani mto ulikuwa umefurika juu ya barabara, magari yamesimama pande zote mbili, wakangoja maji yapungue. Ni hapo alipomfia. Hakupiga kelele. Aliuliza neno moja tu.

"Aliuliza nini?"

"Aliniuliza, imegusa? Nikamwambia, haijagusa, Yiamat. Wakati huo ilikuwa imeshazama palepale ukutani, mlingoti peke yake ndio uliokuwa nje."

Resiato alishika mkono wa Agnela, wakakaa hivyo. Kisha akamuuliza kama amekula siku ile. Hakuwa amekula. Resiato alitoka akanunua mkate na maziwa dukani, akachemsha chai kwenye jiko la Agnela mwenyewe, akamsimamia mpaka akanywa.

Alirudi Olmotonyi na hakumwambia Koko lolote kwa siku kadhaa. Alipalilia karoti mpaka mikono ikachubuka. Kilichomuumiza hakikuwa kwamba Philemoni alikosea. Yiamat naye alikosea, na hata yeye Resiato, kama angeulizwa siku ile, angesema boti ifungwe ukutani. Nani mtu wa Meru angesema vingine? Kilichomuumiza ni lile la mtandao kusumbua. Ni kwamba mtu aliyekula Krismasi kwake alikuwa amemtwika Mungu lawama ya maneno yake mwenyewe.

Alimpigia simu. Alimwambia ameonana na Agnela, na kwamba Koko anauliza jinsi mwanawe alivyokufa, na mtu wa kumjibu ni yeye. Philemoni hakusema mtandao unasumbua. Alisema atakuja.

Alikuja peke yake, bila mchungaji na bila dereva. Alikuwa amekonda, koti linampwaya mabegani. Koko alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda chake, anaota jua.

"Takwenya, Koko," alisema Philemoni, akiinamisha kichwa.

"Iko," alijibu bibi, akamwekea mkono utosini kama siku zote.

Resiato alileta chai, akakaa katikati yao. Kimaasai cha Philemoni kiliishia kwenye salamu na majina ya mifugo, kwa hiyo alisema kwa Kiswahili na Resiato akawa anayageuza maneno kwa Kimaasai. Hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile. Philemoni alieleza kwamba nahodha alisema boti itolewe, na Yiamat alitaka kuitoa, na yeye ndiye aliyekataa. Resiato akageuza. Alieleza kwamba alidhani ukuta ungeikinga boti, kumbe upepo ukitoka baharini ukuta ndio unaoivunja. Resiato akageuza, na kwa kuwa Koko hakuelewa, aliongeza kwamba ni kama mtu akuegemeze kwenye mlango wa zizi halafu ng'ombe wote waje kwa pamoja. Bibi aliitikia kwa kichwa. Hapo alielewa.

Philemoni alitazama matope yaliyogandia viatu vyake.

"Nilimwambia, usikubali iguse ukuta," alisema. "Nilisema kwa ajili ya rangi. Nilisema tu, Mama Lesian, kama mtu anavyosema angalia usikwaruze gari. Sikujua ataweka miguu yake."

Resiato alikuwa na nafasi ya kuliacha neno hilo. Koko asingejua. Angeweza kusema, anasema anasikitika, na ingekuwa kweli pia. Alimtazama mama mkwe wake, macho yamejaa ukungu wa uzee lakini yametulia usoni pake, akaligeuza neno lote, pamoja na rangi. Kisha akamgeukia Philemoni, akamwambia kwa Kiswahili jambo ambalo hakuwa amelisikia.

"Alipokuwa anakata roho alimuuliza Agnela kama imegusa."

Philemoni alifunika uso kwa mikono miwili.

Koko alingoja. Alipoona ametulia, aliuliza swali fupi, na Resiato akaligeuza.

"Anauliza, wewe siku hiyo ulikuwa wapi."

"Nyumbani. Lemara."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Philemoni alifikiri, si kwa kutafuta uongo. "Nilikuwa nakula. Wajukuu walikuwa wamekuja. Nilimpigia tena baada ya chakula, simu ikaita tu."

Koko aliposikia jibu hilo, aliweka kikombe chini. Kisha alisema jambo akiwa ameangalia upande wa kaburi, na Resiato hakuligeuza mpaka Philemoni alipomwomba. Bibi alikuwa amesema kwamba mlimani mwanawe hakuwahi kuwa peke yake, alikuwa na wenzake kwenye kamba moja. Baada ya hapo aliinuka kwa kushika mwimo wa mlango, akachukua fimbo yake, akaenda kwa ndama.

Philemoni alibaki ameshika kikombe. Mawingu yalikuwa yanateremka kutoka msituni na manyunyu yalishaanza. Resiato alijua kwamba angemwambia neno la kumfungua, lingemfungua. Alilitafuta moyoni na hakulipata. Hakupata pia la kumlaani.

"Nenda sasa, Baba Anande," alisema. "Mvua ikikolea, barabara haitapitika."

Alikwenda. Boti hakuiinua, na biashara ya bahari aliiacha. Alirudi Olmotonyi mara chache, na kila alipokuja Koko alimwekea mkono utosini, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na Resiato alimletea chai akatoka nje. Krismasi iliyofuata alimtuma Anande na mbuzi. Resiato alimpokea binti vizuri, akamfungia viazi vya kurudi navyo. Lesian alimwandikia baba yake wa kipaimara salamu za sikukuu kwa simu, na Resiato hakumkataza.

Agnela alipata kazi ya kupika kwenye kantini moja jirani na chuo cha misitu. Resiato ndiye aliyemwambia kuna nafasi, akampeleka kwa miguu siku ya kwanza. Jumapili baada ya ibada, kila mmoja kanisani kwake, Agnela alipanda mpaka bomani. Koko alipenda akae karibu, aishike mikono yake. Mara ya kwanza Resiato alidhani bibi atauliza tena kuhusu ile siku. Hakuuliza. Aliuliza siku nyingine, zile za kawaida, mwanawe alikuwa anaishije huko.

Agnela alimweleza, na Resiato akageuza akiwa anamenya viazi kizingitini. Alieleza kwamba Yiamat alikataa samaki mwaka mzima, akisema hawezi kula mnyama asiye na miguu, hivyo akawa anampikia maharage peke yake. Kwamba asubuhi aliosha boti kabla mtu hajaamka. Kwamba alijifunza kuogelea, vibaya, akishika kamba, huku watoto wa gatini wakimcheka, naye akicheka pamoja nao.

"Aliogelea?" aliuliza Koko, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Aliogelea, Koko. Kidogo."

Resiato hakuwa amelijua hilo. Yiamat hakuwahi kumsimulia. Aliinamia sufuria, akaendelea kumenya, na kiazi kilichokuwa mkononi alikimenya mpaka kikabaki kidogo sana.